Unga kwenye mafuta ya mashine ya cheche: majibu kwa mafundi

Tangu nieleze jinsi cheche za umeme zinavyochonga titani, wengi mmeniuliza kuhusu unga unaotiwa kwenye mafuta. Katika mashine hii, cheche huruka ndani ya mafuta kati ya elektrodi, yaani kifaa kinacholeta umeme, na kazi, yaani kipande kinachochongwa, na kuyeyusha metali kidogo kidogo. Najibu manne.

Shikamoo mwalimu. Chuma tunakichonga bila unga. Titani ina nini?

Marahaba. Titani haipitishi joto vizuri. Ti-6Al-4V, aloi yake (mchanganyiko wake na metali nyingine) inayotumika zaidi, hupitisha wati 7 hivi kwa mita kwa kila digrii, ilhali shaba safi hukaribia 400. Joto la cheche hubaki palepale lilipopiga. Metali inayeyuka, sehemu yake hairuki nje, inaganda tena juu ya kazi na kuacha ngozi ngumu yenye nyufa. Juu ya hayo, mafuta yakiungua hutoa kaboni. Titani inaidaka na kuwa kabidi, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,000. Ndiyo maana kuchonga kunazidi kuwa kugumu kadiri unavyoendelea.

Unga unafanya nini hasa?

Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Pengo kati ya elektrodi na kazi ni jembamba kama unywele, na mafuta safi huzuia umeme mpaka volteji iyashinde. Ukitia grafiti, silikoni au alumini, chembe zake hujipanga mnyororo toka upande huu hadi ule, umeme ukapata pa kukanyagia. Cheche inaruka mapema, pengo linaweza kuwa pana zaidi, uchafu unapata njia ya kutoka. Nguvu ambayo ingechimba shimo moja la kina inagawanyika katika vishimo vingi vifupi, na uso unatoka laini.

Nitie kiasi gani?

Anza na gramu chache kwa lita, upandishe taratibu. Ukizidisha, chembe zinaziba pengo, mashine inapiga shoti na kazi inaungua. Usiutie kwenye tangi kubwa la mashine, chujio litaunasa wote. Tumia tangi dogo lenye pampu na kikorogeo, maana unga hutuama. Uchafu wa titani usiutegee sumaku, haushikwi nayo.

Na tafadhali, unga wa alumini usiutie kwenye maji: hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Ukiwa mkavu na ukatimka hewani, hulipuka. Weka mchanga mkavu karibu. Moto wa alumini au titani haumwagiwi maji kamwe.

Ile ngozi ngumu ina faida yoyote?

Kwenye kipuri cha injini ya ndege, hapana. Huondolewa, kwa sababu nyufa zake hukua kipuri kinapotikisika. Kwenye kipandikizi cha nyonga, huenda ikafaa. Watafiti wamejaribu unga wa haidroksiapatiti, madini ya jamii ileile inayoufanya mfupa wetu uwe mgumu, ili cheche iyachanganye na ngozi hiyo, na mfupa ukikua ukute kitu unachokijua.