Nimeshakula njugu zenye kuvu: je, nimebadilika?

SWALI: Bi Mwalimu, salamu nyingi. Nauza njugu karanga hapa Kisumu Ndogo, Malindi. Zikiota kuvu sizitupi, nazikaanga tunakula nyumbani, ndivyo alivyofanya mama. Sasa mwanangu wa kidato cha tatu ananiambia sumu ya kuvu inaharibu DNA na mtu hupata saratani ya ini. Nimekula miaka mingi. Je, nimeshabadilika? Na huo moto hauimalizi sumu?
– Mama Njugu, Malindi

JIBU: Mama Njugu, nianze na la moto kwa sababu jioni utakaanga tena. Hauimalizi. Kuvu hufa kikaangoni lakini sumukuvu hubaki. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au manjano, zitupe, na kuku usiwape.

Mwanao kasema kweli, ila kuna hatua ameiruka, na swali lako limo humo.

Marehemu babu yangu, hapa Mkomani, Lamu, aliacha daftari la tenzi alizonakili kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Nimelifungua tena baada ya barua yako. Ukurasa mmoja umeingia unyevu, na katika neno “ziba” nukta ya ze imefutika. Ze bila nukta ni re, kwa hiyo neno linasomeka “riba”. Mimi ubeti ule naujua, naweza kuirudisha nukta kwa kalamu sasa hivi. Lakini akija kijana akalinakili daftari kabla sijafanya hivyo, ataandika “riba” kwa wino safi na mwandiko mzuri, na katika nakala yake hutaona doa lolote la kukushtua.

Ndivyo ilivyo DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, yenye nyuzi mbili zilizokabiliana. Doa ni jambo moja, kosa la kudumu ni jingine, na katikati yake kuna kunakili. Herufi zake ni nne: adenini hukaa na thaimini, guanini na saitosini, kwa hiyo kila uzi ni shahidi wa mwenziwe. Maji ya mwilini tu yanatosha kuiondolea saitosini kipande chake ikawa urasili, na seli ikigawanyika urasili hiyo hupewa adenini kana kwamba ni thaimini. Hii hutokea mara 100 na zaidi kwa siku katika kila seli, hata kwa mtu asiyegusa njugu. Lakini kuna kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kikemia mwilini, kinachopita kuitafuta urasili na kuikata, kisha nafasi hujazwa kwa kufuata uzi wa pili. Tomas Lindahl alikigundua mwaka 1974, na mwaka 2015 akapewa Nobel ya Kemia pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar kwa kazi yao juu ya ukarabati wa DNA. Nakutajia hayo ujue mwili wako haukukaa bure miaka yote hiyo.

Sumukuvu ina njia yake. Ini, likijaribu kuitoa, huigeuza kwanza kuwa kitu kikali kinachoganda kwenye guanini kama donge. Kimeng'enya cha kunakili kikifika hapo hukwama. Huja kingine kisicho makini, kikalivuka donge na mara nyingi kikaweka adenini palipotakiwa saitosini. Mgawanyiko unaofuata, adenini ile hupewa thaimini. Palipokuwa guanini sasa ni thaimini, na donge halipo tena la kumwonyesha mtu. Mwaka 1991 watafiti walilikuta badiliko hilihili, mahali palepale, kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 ya jeni TP53, katika saratani za ini za wagonjwa wa Qidong, Uchina, na wa kusini mwa Afrika. Jeni hiyo ndiyo huizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika.

(Vifo 125 vya sumukuvu vya Ukambani mwaka 2004 ni habari nyingine: ilikuwa sumu nyingi kwa muda mfupi, ini likafa lenyewe.)

Basi si kila njugu mbovu uliyokula imekuachia kosa. Seli za ini la mtu mzima mwenye afya hugawanyika kwa nadra, hivyo madonge mengi hung'olewa mapema. Ninaloliogopa kwako ni homa ya ini B. Ini lenye virusi hivyo hupoteza seli, na zilizobaki hugawanyika haraka kuziba pengo. Nakala huchukuliwa na doa lingalipo. Ndiyo maana sumukuvu na homa ya ini B zikikutana hatari huwa kubwa mno kuliko kila moja peke yake. Nakuomba sana, dada yangu, nenda kapimwe wiki hii, na ukikutwa huna, uulizie chanjo.

Na magunia yako yainue juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, hasa masika. Njugu ukiitikisa ndani ya ganda bila kulia, bado haijakauka. Irudishe juani kwenye jamvi kabla ya kuitia guniani.