Mteja anakuja Dar, tukale wapi? Maswali yenu na majibu

Dada, nina kampuni ndogo ya kufunga viyoyozi. Mteja mkubwa anatoka Nairobi na atalala hotelini Posta. Nimpeleke Masaki, kwenye mgahawa wa ghorofani unaotazama bahari? – Mbezi Beach

Kaka, kabla ya bahari, jiulize kama mtasikilizana. Mwaka mmoja nilimpeleka mteja kwenye mgahawa mzuri sana wa ufukweni, siku ya Ijumaa. Saa mbili usiku bendi ikaanza, spika iko nyuma ya kiti chake. Tukawa tunatajiana bei kwa kupaza sauti, meza ya jirani wanageuka kutuangalia. Mkataba ulibaki kwenye mkoba. Nilikuwa nimeukagua mgahawa ule mchana wa Jumatatu, wakati hakuna mtu.

Tangu siku hiyo, wiki moja kabla naenda mwenyewe, siku ileile na saa ileile. Naagiza sahani moja na soda. Naangalia chakula kinachukua muda gani kufika, choo kikoje, gari linaegeshwa wapi, na nikiomba muziki upunguzwe wananijibuje. Kama meza ni za nje nakaa mpaka giza liingie nione mbu. Na usiku ambao Simba au Yanga anacheza, mgahawa wenye televisheni kubwa si mahali pa kujadili malipo ya awamu.

Masaki ni pazuri, na Daraja la Tanzanite, linalotumika tangu 2022, limerahisisha safari ya kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan hadi Oysterbay. Lakini jioni mji mzima unatoka Posta, na mtu aliyeamka alfajiri kuwahi ndege kisha akashinda kwenye vikao hana hamu ya foleni. Mimi ningetafuta mgahawa mtulivu mjini au Upanga, arudi hotelini kwake kwa dakika chache. Ukishapata kazi, Masaki mtakwenda kusherehekea.

Mgeni wangu ni Mjaini, wa ile dini yenye asili ya India, na hali nyama. Nikimwagizia wali, chipsi na kachumbari si inatosha? – Kariakoo

Haitoshi, mdogo wangu. Wajaini wengi hawali hata vinavyokua chini ya ardhi: vitunguu, vitunguu saumu, viazi, karoti. Kwa hiyo chipsi zimetoka, na kachumbari yenye kitunguu imetoka. Mpigie simu umuulize bila aibu, “Kuna kitu hutumii?” Swali hilo halijawahi kumuudhi mgeni wangu hata mmoja. Kisha nenda Kisutu au Upanga, kwenye migahawa ya Kihindi isiyopika nyama kabisa. Huko ukisema “chakula cha Kijaini” jikoni wanakuelewa mara moja. Nawe ukae siku hiyo bila kuku. Utaweza.

Kikao kimeangukia Ramadhani na mteja anafunga. Niahirishe? – Tegeta

Usiahirishe, mwalike futari. Jua la Dar huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, mwaka mzima, basi fikeni mapema. Tende na maji viwe mezani kabla ya adhana, na uulize mapema kama kuna mahali pa kuswali. Uji, kaimati, mihogo ya nazi na samaki wa kupaka vitafanya kazi nzuri kuliko menyu ya kizungu. Mazungumzo ya kazi yaanze akisharudi kutoka kwenye swala, na yawe mafupi, kwa sababu baada ya isha kuna tarawehe. Mahali penye baa, hata kama chakula chao ni halali, paache mwezi huo.

Bili ikija, mteja anang'ang'ania kulipa. Nifanyeje? – Sinza

Isifike mezani. Ukiingia, pita kaunta umwambie mhudumu kwamba bili ni yako, na umwachie TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni ili risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itoke kwa jina sahihi. Uliza pia kama bei za menyu zimejumlisha VAT. Kiwango cha kawaida Bara ni asilimia 18, na kwa meza ya watu sita hiyo ni hela ya kuonekana. Kabla chai haijaja, nenda kama unayenawa mikono, lipa kwa kadi au lipa namba, rudi mkaendelee kuongea.

Nilimwandikia Mholanzi tukutane “saa 1 usiku”. Amejibu kwamba atakuwa amelala. – Mikocheni

Mwandikie sasa hivi: 19:00. Weka na ramani ya mahali.