Kona ya Riwaya: Yaya mpelelezi na dereva mwenye kipande shingoni

SWALI: Mwalimu hujambo, mimi ni msomaji wako wa Umoja na naandika riwaya yangu ya kwanza, ni ya mapenzi lakini ina upelelezi na siasa ndani, hadithi inatokea hapa Nairobi 1941 wakati wa vita. Mhusika wangu ni yaya kwa nyumba ya mzungu huko Karen, mkubwa wa jeshi, sasa huyo mzungu anauawa na polisi wanataka kumsingizia mpishi, yaya anaamua kuchunguza mwenyewe. Hapo katikati anapendana na dereva wa lori na kumbe jamaa ni mwanachama wa KCA (Kikuyu Central Association), kile chama cha siasa cha Wakikuyu ambacho serikali ilipiga marufuku. Shida ni wenye wamesoma wananiambia mapenzi yakianza upelelezi unasimama, upelelezi ukirudi mapenzi yanasahaulika, yaani ni kama vitabu viwili vimeshonwa pamoja. Tena rafiki yangu mmoja ameniuliza yaya atachunguzaje na hana sauti kwa hiyo nyumba? Nisaidie mwalimu.
— Msomaji, Umoja

JIBU: Dadangu, swali la huyo rafiki yako ndilo linabeba jibu la yote. Yaya hana sauti, sawa, lakini masikio anayo, na kwa zile nyumba wazungu walikuwa wanaongea mambo ya jeshi, ya pesa na ya wake za watu chai ikiwa inamiminwa mbele yao, kwa sababu yule anayemimina hawakumhesabu kama mtu anayesikia. Huyo ndiye mpelelezi wako. Hahitaji bastola wala hahitaji rafiki polisi.

Nahisi wazo ulilitoa kwa kesi ya Lord Erroll, na kama sivyo basi isome. Alfajiri ya 24 Januari 1941 alipatikana amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na njia panda ya Karen. Alikuwa katibu wa kijeshi hapa koloni, na 1934 alikuwa amejiunga na chama cha mafashisti wa Uingereza, sasa ongeza kwamba mwezi uliofuata majeshi yaliyotoka Kenya yalikuwa yanapigana ndani ya Somalia ya Waitaliano na Mogadishu ikaanguka 25 Februari, utaona kwa nini mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa wivu wa mapenzi ama ni siasa. Aliyeshtakiwa ni Jock Delves Broughton, mume wa Diana, yule mwanamke aliyekuwa na uhusiano na Erroll, akaachiliwa Julai mwaka huo huo na hakuna mwingine aliyewahi kupatikana na hatia. Lakini angalia hili: waliolikuta lile gari gizani ni wafanyakazi Waafrika waliokuwa wanaleta maziwa mjini. Kila mtu anakumbuka Erroll, Broughton, Diana. Hao wa maziwa nani anawataja? Riwaya yako ianzie hapo walipoachwa. Na tafadhali usiandike kesi yenyewe, imeandikwa sana, chukua tu ile nafasi ya kutazama.

Sasa tuje kwa mapenzi. Upelelezi wa yaya unamtaka asionekane, na mapenzi yanamtaka aonekane. Huyu dereva ndiye mtu wa kwanza mjini anayemtazama vizuri, anayemuuliza amelala vipi, na hilo tu tayari ni hatari, kwa sababu mtu aliyezoea kukutazama ataona pia ukibadilika, ataona umeanza kuuliza maswali ambayo yaya haulizi. Ukishika hapo hutahitaji tena kuruka kutoka kitabu kimoja kwenda kingine.

Nikupe kitu cha kushika mkononi: kipande. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kuwa nacho tangu mwanzo wa miaka ya 1920, karatasi yenye jina, alama za vidole na waajiri wake, nani alimwandika na nani alimwachisha, imekunjwa ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Wanawake hawakubeba. Hebu fikiria hiyo kwa hadithi yako. Maisha yote ya kazi ya mpenzi wake yananing'inia kifuani pake na hakuna njia ya kuyasoma isipokuwa kuwa karibu naye kabisa, jamaa amelala, ameamini, na msichana anafungua kile kikopo. Anakuta nini? Kwamba miaka miwili nyuma aliwahi kuandikwa kazi kwa nyumba ile ile ya marehemu, na hakumwambia. Hapo umepata dalili ya mauaji na jeraha la mapenzi kwa kitendo kimoja, na msomaji wako hatalala. Halafu tafadhali asimuulize asubuhi! Mwache abebe hiyo siri sura tatu hivi, amtengenezee chai akijua.

Kuhusu KCA usiifanye pambo. Ilipigwa marufuku Mei 1940 pamoja na vyama vya Ukambani na vya Taita, viongozi wakakamatwa na kuwekwa kizuizini Kapenguria kwa madai ya kuwasiliana na adui. Kwa hivyo dereva wako ana sababu nzuri sana ya kunyamaza ambayo haina uhusiano wowote na mauaji, na yaya hajui ni ipi kati ya siri mbili anayoficha. Akimpeleka kwa polisi kwa mauaji ambayo hakufanya, atafungwa kwa chama. Akinyamaza, mpishi atanyongwa. Mimi naona hiyo ndiyo riwaya yako yote, na kama una sura za sherehe za wazungu pale Muthaiga ambazo yaya hayuko chumbani, zitoe.

SWALI: Mwalimu, mimi nimezaliwa Mombasa naishi South B. Mjomba anasema wakati wa vita kulikuwa na Waingereza wanafungua siri za Wajapani kwa shule Mombasa. Ni kweli ama ni porojo, manake naona inafaa hadithi.
— Baba wawili

JIBU: Ni kweli kaka, mpe mjomba heshima yake. Wajapani walishambulia Colombo, Sri Lanka ya leo, Aprili 1942, meli za kivita za Waingereza zikahamia Kilindini na wavunja misimbo, yaani hao wafungua siri, wakahamishiwa shule ya Allidina Visram, wakafanya kazi hapo mpaka waliporudi Colombo 1943. Cha kupendeza kwa mwandishi ni kwamba mawimbi ya redio za Wajapani yalifika Mombasa yakiwa hafifu sana, ujumbe ulikuja nusu nusu, na bado Novemba 1942 walifaulu kuvunja msimbo wa meli za biashara. Mfagizi wa hiyo shule, ama msichana anayewauzia mahamri asubuhi, angeona nini? Angeona wazungu wasiolala na karatasi zinazochomwa. Anzia kwa moshi.

SWALI: Mwalimu, mhusika wangu anachunguza mauaji na mpenzi wake ni mwanajeshi, nataka huyo mpenzi afe baharini mwisho ili hadithi iwe na uzito. Rafiki zangu wanasema wasomaji wa mapenzi wataniua. Afe ama asife?
— Wa Kaloleni

JIBU: Kama anakufa ili kitabu kiishe, asife. Kama kifo chake kinafungua kitu, basi muue na usiogope mtu. Chukua meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi ndani, nyambizi ya Wajapani ikaizamisha tarehe 12, ikaenda chini kwa kama dakika mbili na karibu watu 1,300 wakafa. Jeshi huandikia jamaa waliosajiliwa. Mchumba ambaye hakuna mahali jina lake limeandikwa, nani anamwambia? Barua zinakatika tu. Ataanza kuuliza Pumwani, atauliza kwa stesheni ya reli, atatafuta yule aliyerudi kutoka Burma na mkono mmoja, na kila mtu ana kipande kidogo cha habari na sababu ya kukificha, wengine hata wanamwonea huruma wanamdanganya. Kwa hivyo kifo kisiwe sura ya mwisho, kipeleke katikati ya kitabu, na uchunguzi wa mauaji ulioanza nao ukutane na uchunguzi huu wa pili kwa mtu mmoja anayejua yote mawili. Nitumie sura hiyo ya stesheni ukiimaliza, naitaka niisome kabla hujagusa mwisho.