Barua kwa mwanangu: barabara ya kuvuka

Korogwe

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Mama yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua mvua zikianza.

Jumapili uliniuliza: wenye saruji ya Simba walitaka kuuza, wenye saruji ya Twiga walitaka kununua, bei wakaafikiana, sasa Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa za maamuzi ya Tume ya Ushindani, lilijitia nini hapo? Nikasema nitakuandikia, maana kwenye simu ningepandisha sauti bure.

Unakumbuka mabati? Ulikuwa darasa la sita. Mjini palikuwa na wauzaji wa jumla wawili. Huyu akinikazia bei, navuka barabara kwa yule, ananipa mali kauli, nalipa nikishauza. Mmoja akamnunua mwenzake. Nikafika na daftari langu kama kawaida; kijana wa kaunta akalirudisha bila kulifungua. "Mzee, siku hizi ni keshi." Bei yenyewe haikupanda mwezi ule. Kilichoondoka ni barabara ya kuvuka.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 haiulizi kama muuzaji na mnunuzi wameridhiana, hilo ni lao. Inauliza habari zetu sisi tusioitwa kwenye kikao. Wakati wa kesi hiyo, mwenye zaidi ya asilimia 35 ya soko, tena mwenye uwezo wa kubana ushindani peke yake, alihesabiwa kalitawala soko. Muungano wa kumfikisha hapo umekatazwa, isipokuwa Tume ya Ushindani ikiridhika kwamba umma utafaidika kuliko utakavyoumia.

Basi 2021 Scancem, ya Heidelberg ya Ujerumani wenye Twiga, wakakubaliana kununua asilimia 68.33 ya hisa za Saruji Tanga, wenye Simba. Aprili 2022 Tume ikaruhusu. Chalinze Cement, kampuni nyingine ya saruji, na chama cha kutetea walaji wakakata rufaa, na Septemba Baraza likauzuia muungano.

Nilifurahi, nakiri. Ila wewe unayesomea biashara jiulize: mshindani huwa analilia nini? Wakubwa wakiungana bei ikapanda, na yeye atapandisha, atakula vizuri tu. Pengine anachoogopa ni bei ya saruji kushuka. Sisemi hao walikuwa na nia gani. Nasema kesi ya mshindani isikilize, lakini usidhani anatulilia sisi.

Haikuishia hapo. Maombi yakapelekwa upya, Tume ikaruhusu tena, 2023 hisa zikahamia Scancem. Baadaye wakauza nyingi ya hisa hizo kwa Amsons, kampuni ya hapa Tanzania, ambao tayari walikuwa na saruji ya Camel na walishanunua Mbeya Cement, wenye Tembo.

Dukani bado napanga Simba kushoto na Camel kulia, kama zamani walipokuwa wapinzani. Juzi mteja kasimama katikati, anagonga mfuko huu, anagonga ule, anauliza nani ana nafuu. Nikacheka peke yangu, akadhani namcheka yeye.

Kesho nampigia wakala wa Twiga, nimsikie mzigo wa kunifikia hapa ataniuzia bei gani.

Baba yako