Sifa za fasihi ya kisasa: nianzie wapi darasani?

SWALI: Nasomesha Kiswahili kidato cha tano, Wete, Pemba. Kila tukifika kwenye sifa za fasihi ya kisasa, wanafunzi wanaandika orodha na kuihifadhi, lakini nikiwapa ukurasa wa riwaya hawaoni hata sifa moja. Juzi mmoja kaniuliza: kitabu kikiandikwa leo kwa mtindo wa zamani, ni cha kisasa au si cha kisasa? Nilikosa jibu. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anzia kwa huyo aliyekuuliza. Swali lake ndilo somo lenyewe.

Wawekee mbele riwaya mbili za Wazanzibari wawili: Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Zimepishana miaka miwili tu. Katika ya kwanza tumo zama za ukoloni, Yasmin kaozwa mume aliyemzidi sana umri, na kila linalotokea tungeweza kulishuhudia mtaani. Katika ya pili muhusika mkuu anaitwa K, herufi moja basi, na babu yake aliyekwishakufa anamrudia. Hapo darasa litaona lenyewe kuwa neno "kisasa" linabeba mambo mawili: wakati kazi ilipoandikwa, na namna ilivyoandikwa. Riwaya ya Shafi ni ya kisasa kwa wakati wake, na kwa namna yake ni ya kihalisia. Tena uhalisia si upungufu. Orodha nyingi zinawafanya watoto waamini kwamba mwandishi asiyevuruga msuko wa matukio kabaki nyuma, na hilo si kweli.

Atatokea mwengine aseme: mbona hata bibi hutuhadithia majini na wafu wanaorudi? Msifu huyo, kasema jambo kubwa. Maajabu ni ya zamani kuliko riwaya. Lakini ya bibi yalitokea "hapo zamani za kale", mbali nasi. Babu wa K anamjia mtu mwenye cheo na mali, katika nchi inayofanana na nchi za leo, na anakuja kumwonesha alichokisaliti. Wakishaliona hilo, ndipo uwaandikie ubaoni neno uhalisiamazingaombwe, yaani maajabu yaliyotiwa ndani ya maisha halisi. Istilahi ije mwisho, mwalimu, si mwanzo.

Sasa nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu wanafunzi wa Pemba wanao ufunguo wake tangu chuoni, walikosomeshwa Kurani. Chukua Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kijana Yusuf, mwenye miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe kawekwa rehani kwa deni la baba yake. Tajiri huyo anaitwa Aziz, na mkewe anamtamani Yusuf. Usiseme zaidi. Nyamaza, uwasikilize. Darasa zima litapaza sauti: Surat Yusuf! Ndiyo sura ya Kurani ambamo mke wa Aziz anamtamani Nabii Yusuf.

Waeleze mapema kwamba hampimi hadhi ya maandiko matakatifu na riwaya. Mnaangalia mwandishi kachukua nini na kabadilisha nini. Kisha waulize mwisho. Nabii Yusuf anatoka kisimani na gerezani, anakabidhiwa hazina za nchi, na kanzu yake inamrudishia baba yake macho. Yusuf wa Gurnah hapewi hazina. Tunamwacha akiikimbilia safu ya askari wa Wajerumani. Kwa nini mwandishi kamnyima ule mwisho tunaoujua? Wape kipindi kizima cha swali hilo. Mmoja atasema ni ukoloni, mwengine atasema ni kukosa pa kwenda, mwengine atakasirika kwamba hadithi haikwisha. Hasira hiyo itumie. Kisa cha zamani kimeitwa kisha kikavunjwa, na mwisho umeachwa wazi: sifa mbili wamezigusa kwa mikono yao, mwingilianomatini na mwisho usiofungwa, na hawatazisahau.

Kwenye ushairi kazi ni nyepesi, maana masikio ya wanafunzi wetu yamelelewa na kasida na tenzi. Wasomee kwa sauti ubeti wenye mizani kumi na sita kila mshororo, na vina vya kati na vya mwisho, kisha shairi huru. Watasikia tofauti kabla hujaitaja. Angalia tu wasiseme shairi huru "halina mpangilio". Waulize mshororo mfupi umekatwa pale kwa sababu gani.

Kuhusu vitabu, najua nakala hazitoshi. Ukurasa mmoja wa fotokopi kwa wanafunzi wawili unatosha, pamoja na penseli. Sheria iwe moja: hakuna kutaja sifa bila ya kupigia mstari maneno yanayoionesha. Anayesema "msimulizi haaminiki" aoneshe sentensi iliyomtia shaka. Wiki mbili za mwanzo watalalamika, maana orodha ni rahisi zaidi.

Na kwa ajili ya mtihani, orodha usiitupe. Mwisho wa mada, waambie waiandike wao wenyewe kutokana na penseli zao, kila sifa na mfano wake pembeni. Yule aliyekukosesha jibu mpe chaki, aandike ubaoni.