Kabla Hujampelekea Fundi Kanga Yako

Naulizwa sana nguo zangu za kanga nashonesha wapi. Fundi wangu ni wa kawaida tu. Tofauti ni kwamba mimi naanza na kanga, mshono unafuata. Wengi wanakwenda kwa fundi na picha ya gauni kwenye simu, wakitaka kanga ndiyo iufuate mshono.

Kanga haikubali. Ina mji katikati, pindo pande zote nne, na jina lake, yaani yale maneno yaliyochapwa, chini ya mji. Kitenge ua lake linajirudia mwanzo hadi mwisho, ukikate popote. Kanga ukiikata hivyo unapata nusu ya ua la korosho begani na herufi tatu kwapani. Mwambie fundi mji ukae mgongoni au kifuani, pindo lishuke lizunguke chini ya gauni, na vipande vya pindo vilivyobaki viende mikononi.

Ifue kwanza, peke yake. Wanga utoke, na kama ni ya kurudi irudi kabla haijapimwa. Nyekundu na nyeusi ndizo ninazoziogopa zaidi kwa kuchuja.

Na usiibane. Pamba yake ni nyepesi, ikivutwa inaachia kwenye mshono, na ukisimama juani bila bitana utajuta. Bibi yangu alikuwa akifunga moja kiunoni na nyingine akijitanda, hakuna kilichombana, na alipopita watu waligeuka. Mimi uanamke nimejifunza kwake, wala sijaona sababu ya kuutafuta kwenye nguo ninayoshindwa kupumulia. Doti moja, yaani kanga mbili, inakutosha gauni refu la kupwaya. Ofisini navaa blauzi ya kanga na sketi isiyo na ua, basi.

Halafu soma jina. Maneno yalianza kuchapwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini, na tangu hapo wanawake wa pwani wanajibizana bila kufungua mdomo. Ukienda harusini na “Japo sipati tamaa sikati”, usishangae mama wa bwana harusi akikukazia macho. Vijembe mimi nafungia nyumbani. Za kutokea nachagua zenye dua au shukrani. (Shangazi zangu wanasema naogopa watu. Kweli kidogo.)

Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, sikipeleki cherehani kabisa. Kinafungwa, kinatunzwa, binti anarithi. Wapo wanaokishonea magauni na wanapendeza, lakini mkono wangu haujawahi kukubali kukitia mkasi.

Fundi akikuambia jina likatwe kwa sababu “linaharibu gauni”, kunja doti yako utafute mwingine.