Maswali na majibu: kufufua ukumbi wa maigizo

Bati la ukumbi wetu ni la zamani na linavuja juu ya jukwaa. Fedha ni kidogo: tuanze na viti, rangi au paa? (Msomaji, Nyamagana)

Paa. Viti vipya chini ya paa linalovuja ni hasara mara mbili. Pandeni darini saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa, na kila tundu litajionyesha kwa mwanga. Mara nyingi bati lenyewe bado zima, kilichochoka ni misumari. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku, msumari unalegea, raba yake inapasuka, maji yanaufuata hadi kwenye papi, yaani mbao zinazoshika bati, na papi inaoza. Ng'oeni uliolegea, wekeni skrubu ya bati yenye raba, nene kidogo kuliko tundu la zamani, kwenye mgongo wa bati wala si bondeni ambako maji hupita. Msikaze mpaka raba ikatokeza pembeni, itapasuka mapema. Kazi iishe Septemba, kabla ya vuli. Ila kama paa ni la asbesto, msikate wala msitoboe, kwa maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Hiyo ni kazi ya mkandarasi mwenye vifaa na kibali.

Jukwaa linalia ngoma ikikolea. (Msomaji, Kisesa)

Hakuna kinachopima mbao kama bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, majembe hewani na miguu ya watu ishirini ikitua kwa pamoja. Kunesa kidogo ni kuzuri, kunaokoa magoti ya wachezaji. Mlio unatoka pale ubao unaposugua msumari. Fungueni ubao mmoja mpime mihimili: ikipishana zaidi ya sentimita 40, ongezeni mbao za mbili kwa nne zilizotiwa dawa ya mchwa. Juu yake plaiwudi ya milimita 18, kwa skrubu, si misumari. Jukwaa la futi 24 kwa 32 linakula plaiwudi 24 za futi 8 kwa 4. Acheni mwanya wa milimita 3 kati ya plaiwudi, maana unyevu wa Ziwa Victoria huzivimbisha na zikibanana zitanyanyuka. Malizieni kwa rangi nyeusi isiyong'aa. Vanishi inateleza, tena inarudisha mwanga machoni mwa watazamaji.

Taa zinazima katikati ya onyesho. (Msomaji, Ilemela)

Laini imezidiwa, swichi inajikata. Piga hesabu. Tuseme una taa 12 za wati 1,000: ni wati 12,000, karibu ampea 52. Laini ya waya wa milimita za mraba 2.5 yenye swichi ya ampea 20 inabeba taa nne tu, basi gawanya kwenye laini tatu. Onyesho la saa tatu linakula yuniti 36 za LUKU. Ukibadili kwenda LED za wati 200, zinashuka hadi 7.2. Usiziunge kwenye dima (vipunguza mwanga) za zamani, zinaweza kuungua.

Wadudu wa ziwani wanatujazia ukumbi. (Msomaji, Ukerewe)

Huzidi mwezi unapoandama, kwa hiyo msipange onyesho kubwa siku hizo. Zimeni taa nyeupe za nje, wekeni za njano, na wavu madirishani.

Tunajaza ukumbi mara mbili kwa mwezi na bado tunadaiwa. Kwa nini? (Msomaji, Misungwi)

Kwa sababu mlinzi, maji na usafi hulipwa hata mlango ukiwa umefungwa. Tuseme gharama hizo ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi, na kila onyesho likishalipa wasanii, matangazo na umeme linaacha 400,000. Mnahitaji maonyesho matano. Kwa mawili, kila mwezi mnazama kwa milioni moja. Hapo ndipo kumbi nyingi hufia, watu wakiwa bado wanapiga makofi.

Uzeni mchana: mazoezi ya kwaya, semina, send-off. Mkataba uandikwe, amana ilipwe kabla, chakula kisipande jukwaani, mapambo yafungwe kwa kamba bila misumari. Kikundi kinachokodi kilipe kodi ya chini au asilimia ya viingilio, kile kitakachokuwa kikubwa. Mfadhili atawapa bati, mshahara wa mlinzi hatawapa, hivyo msianze ujenzi kabla ya kujua nani atamlipa. Na kila jioni, kabla fedha ya mlangoni haijagawanywa, sehemu moja ya kumi iende kwenye akaunti ya matengenezo yenye sahihi tatu.